Nilimwita Fundi Wangu Tapeli kwa Mbao za Dirisha Nilizozichagua Mwenyewe

Kosa ni langu. Naanza hapo ili usipoteze muda wako kunitafutia sababu. Sikulazimishwa, sikuwa mgonjwa, wala shetani hakunipitia. Nilimharibia mtu jina nikiwa na akili zangu timamu, saa nne asubuhi, nimekaa kwenye kochi langu, chai mkononi!

Na nina hasira. Wengine wakikumbuka makosa yao hulia. Mimi nasaga meno. Nina hasira na nafsi yangu, nina hasira na wale walionishangilia, na nina hasira na jinsi ilivyokuwa rahisi. Rahisi mno, jamani!

Sisi ni watu wa Bungoma. Tulikaa Kangemi miaka tisa, chumba na sebule, ukuta mwembamba hata jirani akikohoa tunamwambia pole bila kumwona. Mume wangu, Baba Sharon, ni dereva. Siku hizi kazi yake iko Nakuru, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi niko ofisi ya rekodi katika hospitali moja ya Parklands. Tulijinyima, tukapata kaploti Kinoo, tukaanza kujenga. Kwa kuwa mwenzangu yuko mbali, msimamizi nilikuwa mimi. Simenti mimi, mabati mimi, kelele na mafundi mimi. Aliniamini kabisa, hakuwahi kuniuliza swali mara mbili.

Fundi wetu wa mbao nitamwita Mutua, ingawa si jina lake. Mkamba wa makamo, mpole, penseli sikioni, ana kibanda chake cha kazi kando ya barabara pale pale Kinoo. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitutengenezea milango sita, na hadi leo hakuna hata mmoja unaokwaruza sakafu. Baba Sharon alimpenda hadi akampeleka kwa aliyekuwa mdosi wake, wakili mmoja wa Lavington aliyekuwa akijenga nyumba ya wageni ndani ya ua wake. Wakili akamwambia Mutua, ukimaliza kwa dereva wangu wa zamani uje kwangu. Milango, kabati, madirisha, vyote vyako. Kazi ya miezi mingi!

Mutua alinipa habari hiyo akitabasamu, penseli ikamdondoka.

"Mama Sharon, hii kazi ikishika nitaandika mafundi wawili. Na nitaweka kibao pale nje, jina langu likae juu."

Jina lake! Ngoja uone nilivyolifanya hilo jina.

Kama hujawahi kujenga, hutaelewa mtu anavyoweza kuharibikiwa kwa sababu ya ubao wa dirishani. Nazungumzia ule ubao wa ndani, chini ya kioo, pale unapoweka funguo, kikombe, au chupa ya maua. Mafundi wanauita windo bodi. Nyumba nzima ilikuwa imebaki hizo tu.

Na mimi nilikuwa na picha yangu kichwani. Krismasi moja Baba Sharon alinipeleka kwa yule wakili wa Lavington kusalimia. Tukakaribishwa sebuleni. Dirisha kubwa, na chini yake ubao mpana, mweupe, unang'aa hadi unaona uso wako. Paka amelala juu yake kama mwenye nyumba. Nilishindwa hata kunywa juisi. Nikasema moyoni, siku nitakayokuwa na kwangu, nitaweka hivyo hivyo.

Mutua alikuja na vipande viwili nichague. Kimoja mvule, kizito, kimekauka vizuri, rangi ya kahawa. Kingine jiwe la graniti, kimebaki kwenye jikoni ya mtu.

"Chagua kati ya hizi, mama. Hizi mtazeeka nazo."

Nikaugeuza ule mvule. "Nyeusi hivi? Mutua, unanijengea nyumba au jeneza?"

Alicheka kidogo, kwa adabu. Mimi nilicheka sana.

Jumamosi nikashuka tauni, katikati ya jiji, peke yangu. Nikaingia duka moja huko nyuma ya River Road, na nikaziona: nyeupe, laini, zinang'aa! Muuzaji kijana mtanashati akapitisha kitambaa juu yake.

"Madam, hizi ndizo ziko moto saa hii. Maji ikimwagika unapangusa tu, imeisha."

Sikuuliza zimetengenezwa na nini. Nilijua ni MDF, ule unga wa mbao unaoshindiliwa na gundi halafu unavishwa ngozi ya plastiki. Nilijua! Nilipakia, nikarudi nazo Kinoo nimevimba kichwa.

Mutua hakusema ni mbaya. Aliuinua ubao mmoja, akaugonga kwa ukucha, akautazama pale ulipokatwa. Kisha akalamba kidole akakibandika kwenye ule ukingo uliokatwa. Mate yakazama yote.

"Umeona? Imekunywa."

"Mate yako yanahusiana nini na dirisha langu?"

Akanishika mkono kwa upole, akauweka ukutani chini ya dirisha. Baridi! Baridi ya ndani, ya maji.

"Hii plasta ni ya juzi, na jua hatujaona. Iko na maji bado. Tungoje kama wiki sita. Alafu hapa Kinoo, mama, ikifika Julai vioo hulia kila asubuhi. Hayo machozi yataenda wapi? Kwa hii ubao."

"Mutua, wageni wangu ni Jumamosi. Pasta anakuja kubariki nyumba. Unataka wakae wakiangalia simenti?"

"Basi wacha nipake vanishi kwa hizi kingo, mara mbili, zikauke. Siku mbili peke yake."

"Siku mbili sina. Wa rangi anaingia kesho."

Aliutazama ule ubao. Halafu akasema polepole, na haya maneno nayasikia hadi leo: "Mama Sharon, hii kitu itafura. Na ikifura, watasema ni mimi."

"Nani atasema? Nyumba ni yangu na mimi ndiye nimesema. Weka!"

Akaweka. Siku ile nilimwona ametandika karatasi ya nailoni juu ya plasta kabla ya kulaza kila ubao, nikamuuliza anapoteza muda wa nini. Akaniambia ni ya kusaidia kidogo. Mtu aliyekataliwa ushauri wote bado alikuwa akihangaika kuniokoa!

Jumamosi ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Pasta alibariki kila chumba. Wamama wa chama chetu cha kuchangishana walipitisha mikono juu ya zile mbao nyeupe wakisema, "Mama Sharon, wewe umefika!" Nikajibu ni neema ya Mungu tu. Mdomo ulisema neema. Moyo ulikuwa umekaa pale Lavington na paka.

Julai ikaingia na baridi yake na ukungu. Nikiamka, vioo vinatiririka kama alivyosema. Mwanzoni nilikuwa nikipangusa. Nikichelewa kazini siku mbili tatu, nasahau. Na chini, ile plasta nayo ilikuwa ikipumua maji yake taratibu, nailoni au bila nailoni, ikipitia pembeni.

Kingo zikaanza kufura. Kwanza kidogo, kama mdomo wa mtu aliyeumwa na nyuki. Halafu ngozi nyeupe ikabanduka, chini yake ukatokea ule unga wa kahawia, umelowa kama uji ulioachwa. Sebuleni ubao ulijikunja katikati hadi ukiweka chungwa linaviringika lenyewe. Chumbani kwa Sharon tu, upande unaopata jua, ndiko ulikovumilia.

Ungedhani ningeona aibu nimtafute Mutua nimwambie ulisema kweli. Hapana. Nilitandika vitambaa vya kushona juu ya zile mbao nikanyamaza.

Sasa ikafika zamu yangu kukaribisha chama. Wamama wamejaa sebuleni, tunakunywa chai. Mama Brayo, ambaye mdomo wake hauna breki, akaenda kuweka kikombe dirishani. Kikombe kikateleza, puu! Akainua kitambaa akachungulia. Halafu akageuka kwa wenzake.

"Jamani, kujeni muone. Dirisha ya Mama Sharon imeshika mimba!"

Walicheka hadi wengine wakashika mbavu. Mtoto wangu Sharon alikuwa mlangoni anasikia. Nilihisi uso unaniwaka. Na kabla sijafikiri, mdomo ukafunguka wenyewe.

"Ni yule fundi! Nilimnunulia mbao nzuri za mvule azipake rangi nyeupe, akauza, akaniwekea hizi takataka."

Hivyo tu. Uongo ukatoka laini, kama nilikuwa nimeukariri. Wamama wakaacha kunicheka, wakaanza kunihurumia. "Woi! Hawa mafundi ni wezi!" Sikuwa tena mjinga aliyechagua vibaya. Nilikuwa mama mnyonge aliyeibiwa. Na ukitaka ukweli wote, ilikuwa tamu! Tamu kuliko ile chai.

Asubuhi yake nikaamua niimalizie. Kuna grupu la WhatsApp la majirani wa upande wetu, watu wengi sana, wenye nyumba, wapangaji, wenye maduka. Nikapiga picha za mbao zilizofura. Nikachukua na picha ya Mutua mwenyewe, ile aliyoweka kwenye WhatsApp yake, amevaa suti ya kanisani. Nikaweka na namba yake. Nikaandika: "Majirani, jihadharini na huyu TAPELI. Ameniibia mbao za mvule akaniwekea uchafu. Anajifanya mpole. Tafadhali sambaza asiumize mwingine."

Sambaza! Mimi ndiye niliyeandika sambaza!

Simu haikunyamaza. "Asante kwa kutuokoa." "Hata mimi nilimshuku, ni mkimya sana." Mtu ambaye hajawahi kumwona Mutua hata siku moja akaichora ile picha mstari mwekundu kifuani. Kufikia jioni nilitumiwa taarifa yangu mwenyewe na mwenzangu wa ofisini Parklands, asiyejua kuwa imetoka kwangu. "Chunga, kuna fundi mbaya huko kwenu." Hakuna hata mmoja, nasema hata mmoja, aliyeuliza: fundi mwenyewe anasemaje?

Baba Sharon akapiga kutoka Nakuru.

"Mama Sharon, hii nimetumiwa ni ukweli? Mutua?"

"Kwani mimi naweza kukudanganya?"

"Basi lazima nimpigie mzee wa Lavington. Mimi ndiye nilimpeleka huko. Siwezi kuacha aibiwe kwa jina langu."

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi, sentensi moja tu! Nikasema, "Mpigie."

Siku ya tatu, saa kumi jioni, geti likagongwa. Nikachungulia, ni Mutua. Hakuwa na penseli sikioni. Alikuwa ameshika bisibisi, ameinamisha kichwa.

"Mama Sharon, hujambo. Sikuja kwa ubaya. Simu yangu haipumziki, watu wananitukana, wengine siwajui. Wakili amenikataa. Nilikukosea nini?"

"Unajua ulichofanya."

"Wewe pia unajua. Wacha nifungue ubao moja tu. Dakika moja. Kuna kitu nataka uone huko chini."

Majirani wawili walikuwa wamesimama ng'ambo wakitazama. Nikaogopa. Sikuogopa bisibisi, niliogopa ukweli utoke mbele yao. Nikapandisha sauti.

"Toka hapa! Ukigusa geti yangu nitapiga nduru ya mwizi!"

Wewe unaishi Nairobi hii. Unajua neno hilo linavyofanya. Mtu hupigwa na mawe kabla hajasema jina lake. Mutua alijua pia. Nilimwona rangi ikimtoka usoni. Aliinua mikono yote miwili juu, bisibisi ikaanguka, akaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua bila kunipa mgongo, hadi akafika barabarani. Hakuiokota.

Mimi nikaingia ndani nikapika. Nilipika chapati!

Septemba nikaita fundi mwingine, kijana mmoja wa Uthiru, atoe zile mbao zote zilizofura. Akang'oa ya kwanza, akaigeuza, akakaza macho.

"Madam, hii imeandikwa."

"Ni vipimo. Tupa."

"Si vipimo." Akasoma kwa sauti, kama mtoto wa shule: "Plasta mbichi. Kingo hazijapakwa vanishi. Nimemwambia mwenye nyumba. Amesema weka."

Maandishi ya penseli, nadhifu. Chini yake tarehe na herufi mbili za jina lake. Akageuza ya pili. Hivyo hivyo. Ya tatu. Hivyo hivyo! Hakuwa ameandika ili anishtaki. Angetaka kunishtaki angepiga picha. Nafikiri aliandika kwa sababu alikuwa ametumwa kufanya kazi mbaya kwa mikono yake, akashindwa kuiacha bila kusema chochote.

Yule kijana alinitazama. Ile taarifa alikuwa ameiona, kila fundi wa upande wetu alikuwa ameiona.

"Kwani si huyu ndiye ule mlisema…"

"Kata," nikamwambia. "Kata zote vipande vidogo."

Tulizichoma nyuma ya nyumba, mimi mwenyewe nikisukuma kwa fimbo. MDF inanuka vibaya ikiungua, inakwama kooni. Nikamlipa kijana, nikamwambia aliyoyaona ni ya humu ndani.

Kwa hiyo usiniambie nilikosea kwa hasira ya siku moja. Hasira ya siku moja ni ile taarifa. Septemba nilikuwa na ushahidi mkononi, maandishi kabisa, na nikautia moto! Nikaenda kanisani Jumapili iliyofuata, nikakaa kiti cha mbele. Kiti cha Mutua na mkewe, ambao tulikuwa tukisali nao pale, kilikuwa kitupu. Nilisikia mama mmoja akinong'ona kuwa wamehamia Kawangware, na watoto wamepelekwa kwa nyanya yao Kitui. Nikafungua Biblia nikajifanya natafuta kifungu.

Desemba Baba Sharon akaja likizo. Mtu wa mikono, hawezi kukaa bure. Siku ya pili akaamua abadilishe ule ubao wa chumbani kwa Sharon, uliobaki peke yake, nao ulikuwa umeanza kubanduka pembeni. Mimi niko jikoni nachambua sukuma wiki. Nikasikia ubao ukilia, halafu kimya.

Akaja ameubeba. Akaulaza mezani mbele yangu, upande wa chini ukiwa juu.

"Soma."

"Baba Sharon…"

"Soma kwa sauti. Nataka nisikie kwa mdomo wako."

Nikasoma. Yote, hadi "amesema weka".

"Mvule aliyouza iko wapi?"

"Hakukuwa na mvule."

"Ulijua lini kuna maandishi?"

Ningedanganya tena, na nilitaka. Nikasema, "Septemba."

Hakunipiga, hakunitukana. Afadhali angenitukana! Alivuta kiti akakaa, akashika kichwa.

"Mimi nilimpigia mtu simu. Kwa mdomo wangu huu, nikamwambia mzee, huyo ni mwizi, usimruhusu kwako. Umenitumia mimi kumuua Mutua. Mimi!"

Hatujaachana. Lakini kuna kitu kimeondoka na hakijarudi. Yule mume asiyeniuliza swali mara mbili, siku hizi nikimwambia kumenyesha, anachungulia nje kwanza. Na Sharon, mwenye miaka kumi na nne, alikuwa amesimama kwenye korido akisikia yote. Wiki ile nilimgombeza kwa kunidanganya kuhusu simu. Akanitazama tu. Nikamwacha aende.

Januari nikaanza kumtafuta Mutua. Kibanda chake Kinoo sasa kinauza viatu vya mitumba. Namba yake haipatikani. Nani angebaki na namba iliyotukanwa hivyo? Nikaulizia kwa mafundi, wengine wakanifukuza waliponitambua. Mwishowe nikamkuta Ngong Road, kwenye wale watengeneza fanicha wa kando ya barabara. Alikuwa amechuchumaa anapiga msasa mguu wa kitanda. Kibarua cha siku. Na mwenye ile kazi, niliambiwa baadaye, ni mtu aliyefundishwa kushika randa na Mutua mwenyewe!

Nilipiga magoti kwenye lile vumbi la mbao. Watu wakaacha kazi wakatazama. Nikamwambia yote: duka, Mama Brayo, taarifa, geti, moto wa Septemba. Nililia. Nikamwambia nisamehe.

Aliendelea kupiga msasa hadi nilipomaliza. Kisha akapuliza vumbi kwenye ule mguu wa kitanda, akasema bila hasira, "Mama Sharon, amka. Hayo yote umeniambia mimi. Mimi nilikuwa najua."

Nikainuka, magoti yamejaa vumbi.

"Kama uko na nguvu ya kuongea, waambie wale hawajui."

Akarudi kwenye msasa wake. Hakusema amenisamehe, na sikuthubutu kuuliza mara ya pili.

Nikaenda Lavington. Askari wa geti alinikalisha nje karibu saa nzima, na nilistahili. Wakili akanipokea sebuleni, akanisikiliza amesimama. Nilikuwa nimejishikiza kwenye lile dirisha la paka, na mkono ukahisi baridi. Nikatazama vizuri. Lilikuwa jiwe! Marumaru nyeupe! Haikuwa mbao hata siku moja. Nimeharibu nyumba ya mtu kwa kuiga kitu ambacho sikukijua hata ni nini.

"Nashukuru umekuja," wakili akasema. "Lakini ile kazi iliisha Novemba. Nilipata mtu mwingine."

"Basi ukipata nyingine, mzee, tafadhali mwite Mutua. Nitakutafutia namba yake."

Akakuna kidevu. "Nitaona. Unajua, mtu akishasikia jambo kama hilo…" Hakumalizia. Akanisindikiza mlangoni.

Umesikia? Ameambiwa uongo kwa simu moja, akaamini papo hapo. Ameambiwa kweli na mwongo mwenyewe, amesimama mbele yake analia, na jibu ni "nitaona"!

Nikaingia kwenye lile grupu. Nikaandika kila kitu, nikaweka picha ya maandishi ya penseli, ule ubao wa chumbani kwa Sharon, wa mwisho uliopona. Nikaandika: sambazeni kama mlivyosambaza ile. Unajua nilijibiwa nini? Watu watatu waliweka kidole gumba. Mmoja akaandika, "Hii si ilipita?" Mwingine akauliza kama kuna mtu anajua anayeuza maji ya tangi. Jioni msimamizi wa grupu akanitumia ujumbe kando, ananiomba nisilete mambo ya kinyumbani kwenye jukwaa la watu.

Mambo ya kinyumbani! Mtu kuitwa mwizi lilikuwa jambo la umma. Mtu kusafishwa ndilo la kinyumbani!

Ndiyo maana naandika hapa. Wewe unayejenga, sikiliza. Plasta ikiwa mbichi, hakuna ubao utakaokuvumilia. Kinoo, Limuru, kokote kwenye baridi, vioo vitalia na maji yatashuka. Lakini hilo ni dogo, ubao unang'olewa ukawekwa mwingine. Fundi akikupa ushauri ukaukataa, basi beba matokeo yako mwenyewe. Useme mbele ya wageni wako, nilichagua vibaya. Watacheka dakika tano, mtakunywa chai. Mimi nilikwepa dakika tano za kuchekwa, na mtu sasa anapiga msasa vitanda vya mwanafunzi wake, na watoto wake wanakua Kitui bila baba.

Na wewe uliyekuwa kwenye lile grupu. Wewe uliyesema ulimshuku kwa sababu ni mkimya. Wewe uliyemchora mstari mwekundu. Mama Brayo, na wewe. Sijawasahau, na sitabeba fungu lenu, langu linanitosha. Mutua, ambaye jina lake la kweli mnalijua, yuko Ngong Road, upande wa kushoto ukitoka tauni, kila siku isipokuwa Jumapili. Una mlango? Una kabati? Una dirisha linalongoja ubao? Nenda umpe kazi. Na akikwambia ungoje wiki sita, funga mdomo wako ungoje!